Sanduku la Bi Eduviges na Harufu Isiyotoka

Asubuhi mtaani kwetu huanza kwa makofi. Wanawake wanapiga chapati za mahindi kwa viganja, na ukipita barabarani utajua nani ameamka na nani bado amelala. Nyumba iliyo mkabala na yangu ndiyo huwa ya kwanza. Hapo anaishi Herlinda, mumewe Abelino ambaye ni seremala, na mama mkwe wake, Bi Eduviges.

Mimi naitwa Amparo. Nafanya kazi kituo cha afya, na kazi yangu ni kuzunguka majumbani. Naangalia maji ya kunywa, vyoo, majiko na mazalia ya mbu. Wengine wananiita mbea wa serikali. Sikatai. Umbea wangu umeshaponya watoto wengi hapa milimani.

Nyumba ile ni ya zamani. Kuta zake ni za matofali ya udongo, paa ni la vigae, na juu ya sebule kuna dari ya matete. Mahindi wanayahifadhi juu ya dari, kama sisi sote. Mwaka huo panya walipanda wakaanza kuyala. Usiku walikimbizana huko juu mpaka Bi Eduviges akawa anawagongea kwa fimbo yake.

Abelino akaenda sokoni. Akanunua sumu kwa mtu anayeuza chini ya mwavuli, sumu isiyo na jina wala maelezo. Akaitia kwenye kisahani, akaiweka darini katikati ya mahindi.

Panya hawakuigusa. Aliyeila ni takwasini, yule mnyama wa ukubwa wa paka, mwenye mkia mtupu, anayepanda mapaa yetu na kuiba mayai. Alikuwa na kiota chake huko juu, cha maganda ya mahindi na majani makavu. Akajikunja ndani yake, akafa. Hakuna aliyejua mpaka nyumba ilipoanza kunuka.

"Abelino, kuna kitu kimekufa humu ndani," alisema Herlinda.

"Ni viatu vyangu."

"Viatu vyako nimeshavizoea. Hiki ni kingine."

Abelino akaweka ngazi, akapanda. Baada ya muda akaita kutoka juu.

"Ni takwasini. Lakini sijui kama amekufa kweli."

Alikuwa na haki ya kuwa na shaka. Takwasini akiogopa hulala chali, mdomo wazi, ulimi nje. Ukimpa kisogo, anaamka na kwenda zake.

"Ana funza?" Herlinda akauliza.

"Anao."

"Basi huyo hajifanyi. Mshushe."

Abelino alimshika mkia kwa mkono mtupu. Akampitisha sebuleni, akamtupa korongoni nyuma ya nyumba. Kisha akajimwagia maji mikononi bila sabuni, akakaa kula.

"Imekwisha," akasema.

Haikuwa imekwisha. Siku zilipita na harufu ikabaki. Asubuhi ilikuwa kali, mchana ilikuwa kali zaidi, na jua likipiga vigae ilishuka kutoka darini na kujaa sebule nzima.

Tena ilikuwa Desemba, na Posada zilikuwa zimekaribia. Kila jioni kabla ya Krismasi tunabeba sanamu za Maria na Yosefu nyumba kwa nyumba. Tunapiga gamba la kasa kama ngoma, watoto wanapuliza filimbi, tunaimba tukiwaombea pa kulala. Nyumba yenye zamu inafungua mlango na kuwapokea. Wanalala hapo mpaka jioni inayofuata. Nyumba ya Bi Eduviges haijawahi kurukwa tangu alipoolewa.

Mwaka huo alikuwa amesema mbele ya majirani wote, "Mimi sasa nakaa kwenye kiti. Mapokezi ni ya Herlinda."

Herlinda alifurahi, kisha akaogopa. Yeye si wa mji huu. Aliletwa na ndoa, na jirani yake, Bi Tona, hajawahi kumwacha asahau. Bi Tona ndiye anayepanga zamu za Posada. Siku moja aliingia kuomba chumvi. Alifika katikati ya sebule, akasimama, akageuka, akatoka bila chumvi. Kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima ulikuwa umepata habari.

"Watakatifu hawawezi kulala mle," alisema Bi Tona. "Kama harufu haitoki, waje kwangu. Mimi nina nafasi."

Mwenye nyumba mwenyewe hakusaidia. Bi Eduviges aliugua mafua makali mwaka mmoja nyuma, na tangu hapo hasikii harufu yoyote.

"Harufu gani?" aliuliza kila mara. "Nimezaa watoto wangu katika nyumba hii. Haijawahi kunuka."

Kwa hiyo Herlinda alijaribu kuificha. Alifukiza ubani asubuhi na jioni. Sisi hutandaza majani ya msonobari sakafuni siku za sikukuu, kwa ajili ya harufu yake nzuri. Herlinda alianza kuyatandaza mapema, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukitembea mguu unazama. Mimi nilipita siku moja nikachungulia mlangoni. Nyumba ilinuka kama mzoga uliopelekwa misani.

Sikusema kitu siku hiyo. Hakuniuliza, na mtu mwenye aibu ukimfundisha kabla hajauliza anakufungia mlango.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kikohozi. Herlinda alitoka mbio barabarani, macho mekundu, ameshika koo. Nilivuka nikamkalisha kwenye ngazi yangu, penye upepo.

"Umechanganya nini?"

"Klorini," alisema huku akikohoa. "Na siki. Nilidhani vitu viwili vikali vitasaidiana."

"Havisaidiani. Vikikutana vinatoa hewa yenye sumu. Klorini usiichanganye na kitu chochote isipokuwa maji. Si siki, si sabuni ya chooni, si dawa nyingine ya kusafishia. Mama yuko wapi?"

"Yuko sokoni."

"Afadhali. Milango iko wazi?"

"Yote."

"Basi tukae hapa mpaka hewa itoke. Pumua polepole. Ukizidi kubanwa, tunakwenda kituoni sasa hivi."

Kikohozi kilipungua. Kilipokwisha, akaanza kulia.

"Dada Amparo, nyumba ikirukwa mwaka huu, itasemwa ni mimi. Bi Tona ataisema mpaka nizeeke. Na Mama hatanilaumu hata kidogo, hilo ndilo litakaloniuma zaidi."

Nilimhurumia sana. Lakini mimi huruma yangu huja na ndoo na brashi.

"Harufu hii inatoka," nilimwambia. "Nimeona mbaya kuliko hii, na zote zilitoka. Ila kwanza zima ubani. Zoa msonobari wote, utupe."

"Si ndiyo itanuka zaidi?"

"Ndiyo. Nataka inuke. Ukiifunika kwa ubani, pua haiwezi kutuambia inatoka wapi."

Tulifagia msonobari wote nje. Kesho yake nilikwenda alfajiri, kabla moto haujawashwa, nyumba ikiwa bado imefungwa. Huo ndio wakati harufu iko mahali pake. Abelino alikuwa amesimama nje ya mlango na kikombe cha kahawa baridi ya jana.

"Dada Amparo, mnyama nilimtoa mimi mwenyewe. Sasa kinachonuka ni nini?"

"Mzoga umeutoa, maji yake umeyaacha," nilisema. "Mnyama akioza anavuja. Yale maji yanaingia kwenye kiota, kwenye matete, kwenye udongo wa ukuta. Hayo ndiyo yananuka. Na yana vijidudu, na viroboto wake wamebaki wakitafuta mtu mwingine wa kumuuma. Ulinawa mikono kwa sabuni siku ile?"

Abelino akatazama kikombe chake.

"Nilinawa," akasema.

"Kwa maji," akasema Herlinda.

Tulitembea sebuleni tukinusa. Tulitazama pia nzi, wale wakubwa wa kijani wanaong'aa. Nzi hawa wanajua mahali kuliko pua zetu. Walikuwa kwenye kona ya kushoto, juu ya ukuta. Hapo matete ya dari yalikuwa na doa la kahawia.

Nilimvalisha Abelino glavu za mpira, barakoa, na shati la mikono mirefu. Herlinda akatengeneza dawa kama nilivyomwelekeza: kikombe kimoja cha klorini kwa vikombe tisa vya maji, katika ndoo safi isiyo na kitu kingine.

"Ukifika juu, usifagie," nilimwambia Abelino. "Ukifagia pakavu utavuta vumbi la kinyesi na manyoya kifuani. Kwanza nyunyizia dawa mpaka kiota kilowe. Subiri kidogo. Ndipo ukizoe ndani ya mfuko, ufunge, uutie ndani ya mfuko wa pili."

"Na kisahani cha sumu?"

"Kishushe nacho. Na mahindi yote yaliyokuwa karibu nacho au yenye doa, yatoe."

"Nitawapa kuku."

"Hutawapa kuku. Kuku atakula sumu, kisha wewe utamla kuku."

Abelino alipanda akinung'unika, lakini alifanya vizuri. Seremala ni mtu wa kufuata vipimo. Alikata matete yaliyoloa, akayashusha pia. Mfuko ulipofika chini, hata mimi niligeuza uso.

"Sasa unachimba shimo," nilimwambia. "Refu kama mkono wako, mbali na kisima. Yote yanaingia humo. Kisahani cha sumu nitakibeba mimi mpaka kituoni, wanajua pa kukipeleka. Kisha unashuka korongoni, unamzika na takwasini mwenyewe."

"Huyo si ameshakwenda?"

"Mbwa akimla, sumu itamuua mbwa. Ni mbwa wa nani wanaozunguka korongoni?"

Alifikiri. "Wa kwangu," akasema, akachukua jembe.

Herlinda na mimi tulibaki na ukuta. Tulikwangua udongo uliolowa mpaka tukafika pakavu. Tukaosha boriti kwa maji ya moto na sabuni. Uchafu unatolewa kwa sabuni kwanza. Klorini inakuja baadaye, kuua kilichobaki, na haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Tukasuuza sabuni yote, tukapaka dawa, tukaiacha ikae, tukasuuza tena, na milango yote ilikuwa wazi.

"Sasa ninunue nini?" aliuliza Herlinda. "Bi Tona anasema kuna manukato ya kunyunyizia."

"Chokaa unayochemshia mahindi yalainike unayo?"

"Gunia zima."

"Ndiyo dawa yako. Koroga na maji iwe kama uji mwepesi, linda macho, upake ukuta. Chokaa inakausha, na inaua vijidudu. Kisha jaza vikapu mkaa mkavu, uviweke kwenye kona. Mkaa unanyonya harufu. Mablanketi na magodoro toa juani."

Herlinda alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. Alikuwa amehangaika kutafuta dawa, na dawa ilikuwa jikoni kwake muda wote.

Kesho yake nilirudi tena alfajiri. Sebule ilikuwa nyeupe. Niliingia, nikavuta pumzi.

"Imepungua," alisema Abelino kwa matumaini.

"Imepungua. Haijatoka."

Herlinda alinywea. Zamu yake ilikuwa kesho yake jioni.

Nilizunguka polepole. Ukuta ulikuwa safi. Dari ilikuwa safi. Lakini kwenye kona ile ile, chini, palikuwa na sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa cha rangi. Nzi mmoja wa kijani alitua juu yake. Kisha akatua wa pili.

"Hili mlilisogeza?" niliuliza.

Sanduku lile linajulikana mtaa mzima. Ndani yake zimo nguo za Mtoto Yesu, mablanketi ya Maria, na vitambaa vya kutandika meza ya watakatifu. Ufunguo Bi Eduviges anauvaa shingoni. Sanduku hufunguliwa jioni ya Posada tu, mbele ya wageni. Kabla ya hapo haligusiki. Tulikuwa tumesafisha kila kitu kando yake tukilikwepa kama mtoto aliyelala.

"Mama," alisema Herlinda kwa sauti ndogo. "Dada Amparo anadhani ni sanduku."

Bi Eduviges alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Dada Amparo anaweza kudhani anachotaka. Sanduku linafunguliwa kesho jioni."

"Bi Eduviges," nikasema, "harufu iliyobaki inatoka hapo."

"Harufu, harufu. Mimi sisikii harufu. Nyie mnasikia harufu, Tona anasikia harufu. Mama mkwe wangu aliniachia sanduku hili na maneno yake. Sitayavunja kwa sababu ya pua za watu."

Nilitaka kubishana. Herlinda alinitangulia. Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, hatulifungui. Tutalisogeza tu kutoka ukutani. Wewe utazame kwa macho yako."

Bi Eduviges aliweka fimbo yake kando. Kisha akanyoosha mkono, Herlinda akamwinua. Abelino akalivuta sanduku, akatoa kitambaa.

Mchirizi wa kahawia ulikuwa umeshuka kutoka darini, ukapita ukutani nyuma ya sanduku mahali ambapo brashi yetu haikufika. Ulikuwa umeingia kwenye ufa wa kifuniko. Mbao zilikuwa zimeloa na kunata, na nzi walikuwa wamejipanga juu ya ufa.

Bi Eduviges alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nimekuwa nikikaa hapa nawaambia watu wanasema uongo."

"Hukujua, Mama."

"Pua yangu ilikufa, Herlinda. Sikutaka mtu ajue imekufa kabisa."

Akavua ufunguo shingoni. Hakumpa Abelino, wala hakunipa mimi.

"Mtoto hawezi kuvaa nguo za mzoga," akasema. "Fungua wewe."

Blanketi la juu lilikuwa limeharibika. Bi Eduviges alilishona mwenyewe akiwa msichana, na ndiye aliyesema liende shimoni. Nguo za chini yake hazikuwa na doa, ila zilikuwa zimeshika harufu. Tulizifua kwa sabuni, tukaziloweka kwenye maji yenye siki kidogo.

"Leo siki ni ruhusa?" aliuliza Herlinda.

"Klorini iko mbali, imefungwa. Leo ni ruhusa."

Tukazisuuza, tukazianika juani uwanjani, gauni dogo la hariri kando ya suruali za Abelino. Yeye aliosha sanduku kwa sabuni, akalisuuza, akaliacha wazi juani mchana kutwa, akalipiga msasa ndani na nje. Jioni akatia bakuli la mkaa ndani yake mpaka asubuhi. Pia aliukwangua ukuta wa nyuma yake, akauosha, akaupaka chokaa.

Siku ya zamu alimalizia darini. Aliziba kwa wavu wa waya tundu lililo chini ya vigae, mahali takwasini alipokuwa akiingilia, baada ya kuhakikisha hakuna mnyama aliyebaki ndani. Mahindi yaliyo salama aliyahamishia kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Kwa panya aliweka mitego, ambayo anaikagua kila asubuhi. Sumu hakununua tena. Mnyama aliyekula sumu huenda kufia mahali usipofika, ila panya wa mtegoni unamkuta pale pale.

"Dada Amparo, mimi sisikii kitu sasa," alisema Herlinda mchana ule. "Lakini naogopa pua yangu imezoea."

"Ni kweli, pua huzoea. Mlete mtu wa nje."

Nilidhani angesema nimlete mfanyakazi mwenzangu. Herlinda alifunga aproni yake vizuri, akasimama mlangoni, akaita upande wa pili.

"Bi Tona, siku ile ulisahau chumvi yako. Njoo uchukue."

Bi Tona alikuja. Pua yake iliingia kwanza, yeye akafuata. Alisimama katikati ya sebule. Akaenda kona ya kushoto, akainua uso kutazama dari, akainama karibu na sanduku akijifanya anaokota kitu. Herlinda alimngoja na kikombe cha chumvi mkononi, hana haraka.

"Mmepaka chokaa," alisema Bi Tona mwishowe.

"Tumepaka."

"Imependeza." Akachukua chumvi. Mlangoni akageuka. "Tutafika giza likianza kuingia. Ponchi iwe ya moto, mwaka jana ilipoa."

Jioni ile sufuria ya ponchi, kinywaji chetu cha matunda yaliyochemshwa, ilikuwa bado imefunikwa. Ubani ulikuwa tayari kwenye chetezo, haujawashwa. Bi Eduviges ndiye aliyezuia. Alisema utawashwa wageni wakishaingia, kwa heshima yao, na kwamba nyumba haina kitu cha kuficha.

Tulisikia gamba la kasa kutoka mbali, tak-tak, tak-tak, likipanda mtaa. Kisha filimbi za watoto. Kisha sauti nje ya mlango zikaanza kuimba kuomba pa kulala. Herlinda alisimama ameshika komeo. Sanduku lilikuwa limefunguliwa nyuma yake, na nguo za Mtoto zilikuwa nyeupe.

"Ngoja," alisema Bi Eduviges kutoka kwenye kiti chake. "Niambie kweli, mwanangu. Mimi nakuamini wewe. Nyumba yangu ina harufu gani?"

Herlinda alifumba macho. Akavuta pumzi ndefu, mpaka mabega yakainuka.

"Haina harufu yoyote, Mama."

Bi Eduviges aliweka mikono yake mapajani.

"Basi wafungulie," akasema.